Solo ya gitaa ni ya nani?

Jumamosi iliyopita nilikuwa Runyenjes, kaunti ya Embu, kwenye arusi ya binti wa rafiki yangu tuliyefanya kazi pamoja Mombasa. (Kabla hamjaniuliza: la, sikurudi na muguka.) Baada ya chakula ikaingia bendi ya benga, na mwimbaji alipomaliza beti zake, mzee wa gitaa la solo akaachiwa uwanja. Dakika tano nzima vidole vyake havikupita njia moja mara mbili. Vijana wote walikuwa wameinua simu, wanarekodi.

Nilimfuata kumpa mkono. "Hiyo solo nimeitunga nikiwa nimesimama pale," akaniambia. "Ukitaka niirudie, siwezi." Kisha akanisimulia kwamba zamani aliitwa studio apige solo kwenye wimbo wa mtu, akalipwa posho ya siku na nauli. Wimbo ukavuma, na watu wanaukumbuka kwa gitaa lile. Jina lake halimo popote.

Sisi wa pwani jambo hili tunalijua. Mpiga udi anapofungua kwa taksimu, hasomi karatasi ya mtu. Je, alichokipiga ni mali yake?

Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 22, inataka muziki uwe umeandikwa, umerekodiwa au umewekwa katika umbo linaloshikika. Solo iliyopigwa ikapotea na upepo haina hakimiliki. Ikirekodiwa, hali inabadilika, na hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Kuna haki ya mtunzi, kuna haki ya mtumbuizaji, na kuna haki ya aliyegharimia kurekodi. Mzee anayebuni papo hapo ni mtunzi na mtumbuizaji kwa wakati mmoja. Hata wale vijana wa simu, kwa kifungu cha 30, walipaswa kumwomba ruhusa. Nani aliomba?

Kilichomuumiza mzee ni kifungu cha 31. Kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Yaani mwanamuziki akinyamaza, sheria inamsemea mwenye pesa. Mimi naona kifungu hiki kiliwafikiria matajiri wa studio kuliko wenye vidole.

Wapo wanaosema solo ni pambo tu, wimbo ni wa aliyeandika maneno. Sikubaliani nao. Mwaka 1973 Clare Torry alilipwa pauni 30 kubuni sauti isiyo na maneno katika wimbo wa Pink Floyd, "The Great Gig in the Sky". Alishtaki 2004, wakapatana mwaka uliofuata, na leo ametajwa kama mtunzi mwenza. Ilimchukua miaka zaidi ya 30, naye alikuwa na wakili London.

Marehemu Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, aliyefariki kwa ajali ya gari hapa Mombasa 1979, alitunga, akaimba na akapiga solo mwenyewe. Kwa hesabu ya miaka 50 baada ya kifo, tungo zake zinalindwa hadi mwisho wa 2029. Lakini ni wapiga solo wangapi wa bendi zetu za "jazz" waliokuwa waajiriwa tu, wasioandikwa hata kwenye lebo ya sahani?

Kwa hivyo, ndugu zangu wapiga udi, kinanda na gitaa: kabla ya kuchomeka waya, pataneni kwa maandishi, hata kama ni ukurasa mmoja. Andikeni nani amepiga nini, tarehe gani, na mgao ni upi. PRISK haiwezi kumlipa mtumbuizaji asiyejulikana.

Nikiwa bado njiani kurudi, mpiga video wa arusi alikuwa ameshaiweka solo ile mtandaoni kwa jina la biashara yake. Nilimpigia. Jina la mzee amekubali kuliandika. La pesa hajanijibu.