Kabla ya Kuitikia Posa, Ulizeni Nani Atamshika Mtoto



Mabiharusi wengi wana swali moja wanalolizunguka: "Nikiolewa, nitalazimika kuacha?" Mmoja anakusudia masomo, mwingine biashara ya udi na viungo, mwingine kushona. Leo tunalijibu kwa kupita njia isiyozoeleka huku kwetu visiwani. Tunakwenda Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, na mfano wetu ni mashindano ya baiskeli.

Kwa nini Simiyu? Kwa sababu kule mwanamke juu ya baiskeli si kioja. Mkoa huo ulioanzishwa mwaka 2012 ndio unaoongoza kwa pamba nchini, na baiskeli ni chombo cha kila siku cha wakulima wake. Mama anapanda kwenda shamba, anafunga ndoo ya maji nyuma kwenye karia, anapeleka mahindi mashineni. Huku kwetu dada aliyevaa buibui akipita na vespa hakuna anayegeuza shingo. Kule ni hivyo hivyo kwa baiskeli. Na Wasukuma wanapenda kushindana. Ndio wenye Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ambayo kwa vizazi yamekuwa yakigombea watazamaji. Si ajabu kwamba miaka michache kabla ya korona, tamasha la Simiyu Jambo Festival pale Bariadi liliziweka pamoja ngoma hizo na mbio za baiskeli, na wanawake wakawa na mbio zao.

Sasa tazameni walio kwenye mstari wa kuanzia katika mbio za aina hiyo popote Kanda ya Ziwa. Si wanawake wanaolipwa mishahara. Ni wanamichezo wa ridhaa. Lugha yetu imetupa neno zuri hapa, kwa sababu ridhaa ni neno tunalolijua pia kutoka kwenye ndoa: ridhaa ya bibi harusi, ambayo bila hiyo mambo hayaendi. Hoja yetu ya leo imesimama juu ya neno hilo.

Tuanze na wanaolipwa. Kuanzia mwaka 2020, UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, liliweka kwa timu za wanawake za daraja la juu kima cha chini cha mshahara na likizo ya uzazi: miezi 3 kwa malipo kamili, kisha miezi 5 kwa nusu ya malipo. Kabla ya hapo, mwanamke akishika mimba mara nyingi alikuwa anashika pia njia ya kutoka mchezoni. Walioweza kurudi walionyesha kwamba mwili wa mama haujaisha. Mmarekani Kristin Armstrong alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 2008, akajifungua mtoto wa kiume mwaka 2010, akashinda tena London mwaka 2012, na mara ya tatu Rio mwaka 2016, siku moja kabla ya kutimiza miaka 43. Mwingereza Lizzie Deignan alijifungua binti Septemba 2018, na Oktoba 2021 akashinda mbio za kwanza za wanawake za Paris–Roubaix, zile za barabara za mawe zinazoogopwa na wanaume.

Lakini angalieni nyuma ya ushindi huo. Mume wa Deignan naye alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa. Alistaafu mwaka huohuo wa 2018, akabaki na mtoto wakati mkewe yuko mazoezini. Yule bibi alikuwa na mikataba miwili, mmoja wa timu na mmoja wa nyumbani.

Mama wa Bariadi hana ule wa kwanza. Hana timu inayomlipa akiwa na mimba, hana ofisi ya kumwandikia barua ya likizo. Mkataba pekee alionao ni wa ndoa. Kwa hiyo kama ratiba ya mazoezi yake haimo katika mazungumzo ya nyumba yake, haimo popote. Ndiyo maana tunasema kinachomtoa mchezoni si miguu wala stara. Kinachomtoa ni kwamba Jumamosi alfajiri hakuna aliyekubaliana naye nani atamshika mtoto.

Tunajua wapo watakaosema: mama wa watoto wadogo ana wakati gani wa kuchezea baiskeli? Tunajibu kwa upole. Mama huyohuyo akienda kwenye kikoba saa tatu, hakuna anayelalamika. Akienda kukesha harusini, anasifiwa kwa kushika jamaa. Tukifanya hesabu ya mazoezi ya mtu wa ridhaa, mara mbili katikati ya wiki kwa dakika 40 na mara moja mwisho wa wiki kwa saa mbili, jumla haifiki saa nne. Wiki ina saa 168. Mtoto hakosi mama kwa saa nne, akiwa mikononi mwa anayempenda.

Na hili halikuanza leo. Kila aliyesoma sira anajua kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha, mara ya kwanza bibi akashinda, na baadaye akashinda yeye, wakataniana. Bi Aisha huyohuyo ndiye aliyetusimulia kwamba Mtume akiwa nyumbani alikuwa akishughulika kuwahudumia watu wake, na wakati wa sala ukifika akitoka. Basi mume anayebaki na mtoto akimpembeza hajapungukiwa na kitu. Na Qur'ani, inapozungumzia kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, inataka baba na mama washauriane na waridhiane. Kama jambo dogo kama ziwa linahitaji mashauriano, kwa nini asubuhi ya mama ipangwe na mtu mmoja?

Kuhusu stara, tusipoteze maneno mengi. Masomah Ali Zada, binti wa Kiafghani aliyeshiriki Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 katika timu ya wakimbizi, alipanda baiskeli akiwa amejifunika kichwa chini ya kofia ngumu na mikono yake imefunikwa. Mashindano yakiandaliwa vizuri, suruali pana, kanzu fupi ya kitambaa chepesi na ushungi uliobanwa vinatosha. Anayetaka mwanamke asishindane atafute sababu nyingine.

Ila kuna hoja moja tunayoikubali kwa uzito wake wote, nayo haitoki kwa wanaume. Mtoto akiachwa, mara nyingi anayeachiwa ni binti mkubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kaya ya Simiyu ina wastani wa karibu watu 7, wakati wastani wa taifa ulikuwa chini ya 5. Katika nyumba kubwa namna hiyo, binti wa miaka tisa anageuka yaya bila kuulizwa. Anakosa skuli, anakosa kucheza, na mgongo wake mdogo unazoea mbeleko kabla ya wakati. Mama akipata medali kwa gharama ya asubuhi za binti yake, hajaongeza mwanamichezo nyumbani. Ameondoa mmoja mtarajiwa. Kwa hiyo sharti letu la kwanza: anayeshika mtoto awe mtu mzima. Baba, bibi, shangazi, au jirani mnayebadilishana naye zamu. Binti akitaka kuja, aje na baiskeli yake.

Sharti la pili ni mwili. Arobaini ya wazee wetu, na maji yake ya moto, ukanda na uji wa pilipili manga, ilikuwa na hekima ya kumpumzisha mzazi. Isiharakishwe. Kutembea taratibu kunaweza kuanza mapema, lakini wataalamu wengi wa mazoezi baada ya uzazi hushauri kusubiri miezi mitatu hivi kabla ya kurudi kwenye kukimbia na kurukaruka. Aliyeshonwa au aliyepasuliwa apate kwanza ruhusa ya mkunga au daktari, maana kiti cha baiskeli hakina huruma na mshono. Mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga yatangulie. Anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto kwanza, ndipo apande. Anakuwa mwepesi na mtoto anabaki ameshiba. Anywe maji ya kutosha, na asiwe na wasiwasi, mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa. Na mtoto asifungwe mgongoni wakati wa mazoezi ya kasi. Mama akianguka, wameanguka wawili.

Sharti la tatu linawahusu waandaaji. Mbio za barabarani za makumi ya kilomita zinamtaka mama atoke nyumbani asubuhi nzima, na mazoezi yake yanakula wiki. Kuna aina nyingine ya mbio inayomfaa zaidi: saiklokrosi. Ilianza Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, ubingwa wake wa dunia ulianza mwaka 1950, na wanawake wakaingizwa mwaka 2000. Watu huzunguka uwanja wa nyasi, mchanga na tope, duru moja ikiwa ya kilomita tatu hivi. Wakifika penye kizuizi au mwinuko usiopandika, wanashuka, wanaibeba baiskeli begani, wanakimbia, kisha wanapanda tena. Mbio za wanawake huchukua dakika 50 hivi.

Waambieni wanawake wa Simiyu kwamba huko Ulaya kushuka na kuibeba baiskeli kwenye tope ni mchezo, nao watacheka. Ardhi yao nyeusi ya mbuga, ile inayostawisha pamba, mvua ikinyesha hunata kwenye magurudumu mpaka hayazunguki. Mwenye baiskeli anashuka, anakwangua tope kwa kijiti, anaibeba. Ujuzi upo. Kilichokosekana ni mtu wa kuchora duru na kupiga filimbi.

Na duru ndiyo faida ya mama. Dakika 50 ni fupi kuliko usingizi wa mchana wa mtoto. Kila baada ya dakika chache mama anapita mbele ya turubai alimokaa bibi na wajukuu, wanamwona, wanampigia vigelegele. Filimbi ya mwisho ikilia, anashuka na kunyonyesha. Pale Nyakabindi, kwenye viwanja vilivyobeba maonesho ya kitaifa ya Nanenane mwaka 2018, 2019 na 2020, nafasi ipo. Baada ya mavuno ya pamba, ardhi ikiwa imekauka, wakati upo. Tunawaomba wenye kuandaa mbio Bariadi wafikirie duru moja ya wanawake, kivuli cha watoto, maji safi, mahali pa kusali na zawadi isiyo ndogo kuliko ya wanaume. Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani, wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Mlango umefunguliwa karibu na sisi. Usipitwe na akina mama kwa sababu ya kukosa turubai.

Turudi kwako, bi harusi wetu. Hata kama hujawahi kushika usukani wa baiskeli, unalo jambo lako linalokupa pumzi. Posa inapokuja, wazee watauliza mahari, nyumba, na tarehe. Somo wako atakufundisha kupika, kujipamba na kumpokea mume. Muombe akufundishe na hili: kuzungumza juu ya saa zako. Usiulize, "Utaniruhusu?" Hilo ni swali rahisi, na kila mchumba hujibu ndiyo. Uliza, "Tukijaaliwa mtoto, Jumamosi asubuhi nani atakuwa naye?" Hapo utasikia jibu la kweli. Kama jambo hilo litaingia katika masharti ya ndoa au litabaki ahadi baina yenu, muulizeni sheikh wenu au kadhi kabla ya siku yenyewe. Dini imehimiza sana ahadi za ndoa zitimizwe, na ahadi isiyotamkwa haina wa kuitimiza.

Nanyi mama wakwe na mawifi, mnayo sehemu kubwa. Neno moja la "mwacheni aende, mjukuu niachieni mimi" linaweza kumrudisha mwanamke kwenye afya na furaha yake kuliko zawadi yoyote ya harusi.

Allah awajaalie mabiharusi wetu waume wa kushauriana nao, awalinde watoto wetu, na awape nguvu mama wa Bariadi na wa kila mahali. Amin.