Jua limewekewa sheria, sahani bado

BARUA YA UGHAIBUNI
Na Zuhura Mwinyikombo

Tangu mwaka 2021, kila inapofika 1 Juni, Qatar husimamisha kazi za juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na amri hiyo hudumu mpaka 15 Septemba. Kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo kikivuka nyuzi 32.1, kazi hukoma hata kama saa nne haijagonga. Ni amri njema. Vijana wetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za nje hapa Umm Salal na Doha nzima wanaijua vizuri kuliko mimi. Ila mtu akishaingia kivulini, anakula nini? Hilo ndilo linalonisumbua kila kiangazi, na wiki hii nimeona niliseme wazi: jua tumelitungia sheria, sahani tumeiacha ijitegemee.

Chakula cha kambini wengi wetu tunakijua. Wali, dengu, mchuzi wa kuku, chapati au mkate, kiangazi na majira ya baridi vilevile. Kinashibisha, na sikikatai. Kibichi huwa vipande vichache vya tango pembeni ya sahani, tena siku nyingine hakipo kabisa. Mchana wa Julai, joto likiwa limevuka nyuzi 40, mtu aliyetokwa na jasho tangu alfajiri hana hamu ya mchuzi wa moto. Anachokitaka ni kitu baridi, kwa hiyo huvuka barabara kwenda bakala, duka dogo la mtaani, akanunua soda. Kopo moja la mililita 330 lina sukari ya gramu 35 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata kwenye chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50 kwa siku. Makopo mawili yameshapita hapo. Shirika hilohilo linataka kila mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Ziko wapi gramu hizo katika sahani niliyoieleza?

Kuna hesabu nyingine. Sheria ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika 20 Machi 2021 iliweka riali 1,000 za mshahara, na mwajiri asipotoa malazi wala chakula aongeze riali 500 za nyumba na riali 300 za chakula. Riali 300 kwa mwezi ni riali 10 kwa siku, asubuhi, mchana na jioni. Kwa fedha hiyo mtu atanunua mchele kwanza, na hana kosa. Mwajiri anayetoa chakula mwenyewe hutimiza wajibu akishapakua wali. Mimi nasema kiwango hicho kitazamwe upya, na kitazamwe na mtu aliyewahi kupita sokoni na kikapu mkononi.

Wala hatuko mbali na mboga. Umm Salal ni mji uliolelewa na maji. Minara ya Barzan, ambayo Sheikh Mohammed bin Jassim Al Thani aliikarabati mwaka 1910, ilisimama kulinda bonde ambamo maji ya mvua hukusanyika, mali kubwa kuliko zote katika nchi hii wakati ule. Leo Soko Kuu la Umm Salal lina samaki, mboga na matunda, na huko Al Mazrouah, ndani ya manispaa hiihii, msimu wa baridi wakulima wa Qatar huleta mazao yao yakauzwa bila dalali. Kisha kuna jambo lililoibadilisha nchi nzima. Juni 2017 majirani walipofunga mipaka, lango la Abu Samra, njia pekee ya nchi kavu, lilifungwa pamoja na malori yake ya vyakula. Nyanya na matango yakaanza kuja kwa meli na ndege kutoka Uturuki na Iran, na hapa nyumbani mabanda ya kilimo yanayopoozwa kwa mashine yakaongezwa. Mipaka ilifunguliwa tena Januari 2021. Mabanda yakabaki, ndiyo maana tango la Julai linaweza kuwa limevunwa hapahapa.

Matunda nayo huja yenyewe kiangazi. Maembe ya Pakistan na India, Sindhri, Chaunsa na Alphonso, hujaa masokoni, na mwaka 2024 soko la Souq Waqif mjini Doha lilifanya maonyesho ya kuyauza. Matikiti hulundikwa mlangoni mwa maduka. Maparachichi ya Kenya hufika Ghuba yakiwa bado magumu na kuivia dukani. Na kuanzia Juni mitende ya Qatar hutoa rutab, tende mbichi laini ambazo bado zina maji yake, tamu bila kukinaisha.

Saladi ninayoitetea haidai jiko, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayesubiri zamu ya kupika katika nyumba ya watu wengi. Chukua nusu tikiti, matango mawili, embe moja lililoiva lakini lingali gumu, kitunguu chekundu kimoja, fungu la nanaa na fungu la kotmiri. Anayeiweza pilipili mbichi aongeze. Kitunguu kikatwe chembamba, kifikichwe na chumvi kisha kisuuzwe, kama cha kachumbari ya pilau, ukali wake upungue. Ganda la tikiti lioshwe kabla ya kukatwa, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa nje kikauingiza ndani ya nyama. Wengi hulisahau hili, nami nalirudia kila mwaka.

Sasa rojo lake, ambalo kwangu ndilo roho ya sahani. La chupa za dukani mara nyingi huwa na sukari nyingi na chumvi nyingi, nawe hukuchagua kiasi. Kamulia ndimu mbili ndani ya chupa ya jamu iliyooshwa ikakauka. Tia kijiko kimoja cha dibs, ile asali ya tende, vijiko vitatu vya mafuta ya zeituni, nusu kijiko cha chai cha chumvi na bizari nyembamba kidogo iliyosagwa. Funga, tikisa. Ndimu na mafuta havikai pamoja muda mrefu, vitajitenga tu. Kijiko cha tahini, ambayo haikosi bakala, huvishika vyote viwili na rojo likawa zito. Ikiwa limekuwa zito mno, maji vijiko viwili yanatosha. Asiye na ndimu aloweke ukwaju, auchuje, utamu aongeze kidogo. Aliyelelewa na urojo wa Unguja ataujua uchachu huo mara moja. Na anayetaka kuonja Ghuba yenyewe asage loomi, ndimu kavu nyeusi ambazo wenyeji hutia katika wali wao wa machbous, anyunyize juu ya tikiti. Harufu yake ina moshi kidogo, na tikiti baridi huipenda. Rutab zitolewe kokwa, zipasuliwe mbili, ziwekwe mwisho.

Usimimine rojo mapema. Chumvi huvuta maji ya tunda, na baada ya nusu saa utakuwa na bakuli la supu ya pinki. Chupa isafiri peke yake, ikutane na matunda wakati wa kula.

Wapo watakaoniambia kuwa saladi si chakula cha mwanamume wa kazi. Nimelisikia hilo mara nyingi, na huwauliza kama wamewahi kula pilau bila kachumbari wakaridhika. Sisemi dengu ziondoke. Dengu zina madini ya chuma ambayo mwili hupata shida kuyachukua, na vitamini C ya ndimu na embe hurahisisha kazi hiyo, kwa hiyo viwili hivi vinastahili kukaa katika mlo mmoja. Mafuta ya zeituni nayo husaidia mwili kupokea ile rangi ya manjano ya embe inayogeuka kuwa vitamini A. Tikiti na tango, zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni maji. Chumvi ya rojo hurudisha kidogo ile iliyotoka na jasho. Maji ya kunywa yabaki palepale, hayana mbadala.

Zaidi ya wote nawafikiria dada zetu wanaofanya kazi majumbani. Wanakata tikiti la familia, wanapanga maembe kwenye sinia, wanajua kuliko mtu yeyote tunda lipi limeiva. Wapo wanaokula pamoja na wenyeji wao sahani moja, Mungu awalipe wenyeji hao. Wapo pia wanaoambiwa kuwa tunda si fungu lao. Mkataba unasema watapewa chakula na unaishia hapo. Balozi zetu mjini Doha, za Kenya, Tanzania na Uganda, zina mahali pa kuanzia: zitakapokaa kujadili mikataba, zidai matunda na mboga mbichi viandikwe kwa majina yake, kila siku, kwa wa majumbani na wa kambini sawasawa.

Na pamoja na tunda idaiwe friji. Hili si la kujidekeza. Chakula kibichi kilichokatwa hakifai kukaa nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 muda huo hushuka hadi saa moja. Mlinzi anayeondoka chumbani saa kumi na moja alfajiri na bakuli la embe, mpaka afike mapumziko ya saa nne limeshaharibika, hata angelifunga vipi. Vyumba vya kupumzikia vinavyowekwa maeneo ya kazi vina kiyoyozi na maji. Waya wa umeme umeshafika. Kinachokosekana ni friji moja na rafu ya kuweka bakuli la kila mtu likiwa na jina lake.