Zebaki Haijarudi Nyuma, Mpendwa. Ni Wewe Unayengoja

Neno la leo ni refu kidogo. Tafuta mahali uketi, na kama uko kwa boda boda, weka simu mfukoni kwanza, utasoma ukifika.

Kwa muda sasa nimekuwa nikitazama status zenu. "Zebaki imerudi nyuma, ni majira ya kujitafakari." "Leo mwezi umejaa, achilia kila kinachokuumiza." "Zuhura imeingia nyota yako, uliza moyo wako unampenda nani." Wanaoandika haya si watu wa nje. Ni watu wa kwaya, ni wahudumu wanaowaonyesha wageni viti Jumapili, na mmoja anawafundisha watoto wetu.

Ijumaa moja baada ya maombi nilimwita dada mmoja kando nikamuuliza. Alinijibu kwa heshima na kwa akili. "Pasta, mimi siabudu nyota. Siamini Zebaki inaweza kunifanya kitu. Kwangu ni kengele tu. Ikilia, naketi na daftari langu, najiuliza maswali ambayo siku nyingine sijiulizi. Kuna ubaya gani mtu kujichunguza?"

Sikumjibu siku hiyo. Ningeweza kusema, "Hiyo ni ya shetani, kemea!" na kanisa lote lingeitikia amina. Lakini swali la kweli halijibiwi kwa kelele. Nimelibeba, nimeliombea, na leo nalijibu mbele yenu wote.

Kwanza, tuanze na Zebaki yenyewe, ile vijana mnaiita Merkyuri. Haijawahi kurudi nyuma hata siku moja tangu Mungu aiumbe. Inalizunguka jua kwa siku 88, nasi duniani tunalizunguka kwa siku 365. Kwa kuwa ina mbio kuliko sisi, mara tatu au nne kwa mwaka inatupita kwa upande wa ndani. Inapotupita, kwa wiki tatu hivi, macho yetu huiona kana kwamba inarudi ilikotoka.

Umewahi kutoka Bumala kwenda Busia ukakuta foleni ya trela zikielekea mpakani? Trela zinajikokota kwenda Uganda. Matatu yako inapozipita, ukitazama dirishani unaona kama zinarudi Kisumu. Je, kuna trela iliyorudi? Hakuna. Zote zinaenda mbele. Mwendo ndio umetofautiana, na jicho lako limekudanganya. Sasa wewe unataka kupanga toba yako kwa kitu ambacho hakikutokea?

Utaniambia, "Pasta, hata kama ni udanganyifu wa macho, kengele ni kengele." Haya. Tuichunguze kengele hiyo.

Wazee mnamkumbuka Sheikh Yahya Hussein wa Dar es Salaam, mnajimu aliyefariki Mei 2011. Utabiri wake ulisikika Tanzania na hapa Kenya pia. Sikubaliani na kazi ile, lakini nitasema jambo moja: mnajimu wa zamani alitamka. Alisema fulani litatokea, na watu wakangoja waone. Likikosa, kila mtu alijua limekosa. Unajimu huu mpya wa simu umejifunza kujificha. Hautabiri kitu. Unakuuliza maswali tu, kwa sauti ya upole, kama rafiki. Na asiyetamka neno hawezi kukamatwa kwa uongo. Usidhani umekuwa salama zaidi kwa sababu umekuwa mpole zaidi.

Tena sikiliza: kengele hii haikuachi uketi na moyo wako kama ulivyo. Inakuja na majibu mfukoni. Zebaki ikitajwa, umeshaambiwa tatizo lako ni mawasiliano. Zuhura ikitajwa, tatizo lako ni mapenzi. Zohali ikitajwa, ni nidhamu na mizigo ya maisha. Basi unaingia moyoni mwako kama polisi aliyepewa jina la mshukiwa kabla hajafika penye kosa. Utamkuta tu! Nani kati yetu hajakosea katika kuongea? Lakini kama dhambi yako mwezi huu ni kipimo unachotumia sokoni, ile gorogoro uliyoigonga chini ikapungua, Zebaki haitakuuliza habari za gorogoro. Utatafakari mawasiliano yako, utalia kidogo, utalala vizuri, na Jumatatu utawapimia watu na gorogoro ile ile.

Daudi hakuomba hivyo. Katika Zaburi 139, mistari miwili ya mwisho, anamwomba Mungu amchunguze na amwonyeshe njia mbaya iliyo ndani yake. Haanzi kwa kumtajia Mungu mada. Alijua moyo wa mtu ni mwerevu wa kuchagua swali ambalo tayari una jibu lake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nishike simu niandike. Mhusika amenipa ruhusa, nami sitamtaja jina.

Kuna mama kati yetu anayeuza omena. Alikosana na mdogo wake kwa sababu ya shilingi 14,000 za chama. Hela ilipita mkononi mwa mdogo mtu, haikufika, maneno makali yakatoka, wakaacha kusalimiana. Yule mama alisoma kwenye simu kwamba Zebaki imerudi nyuma: si wakati wa mazungumzo makubwa, ni wakati wa kujitazama ndani. Akatii. Akajitazama ndani. Aliandika kurasa 4. Alinionyesha daftari, na kusema kweli ni maandishi mazuri. Aligundua kwamba ukali wake haukutokana na hela. Ulitoka utotoni, jinsi yeye alivyobebeshwa kulea wadogo zake akiwa bado mtoto. Alilia. Alimsamehe dada yake kwenye karatasi. Kisha akangoja zile wiki tatu ziishe, Zebaki iende mbele, ndipo aende kuzungumza.

Katika wiki ya tatu mdogo wake akasafiri kwenda Saudi Arabia kufanya kazi ya nyumba. Hakumuaga. Leo simu ya dada mkubwa haipokelewi huko.

Kurasa 4, wapendwa. Na nyumba ya mdogo wake ilikuwa mwendo wa dakika 10 kutoka pale anapoanika omena.

Hapo ndipo ubaya ulipo, dada yangu uliyeniuliza. Kujichunguza si kosa. Kosa ni kujichunguza kunakoishia kwenye daftari. Yesu katika Mathayo 5:23-24 anamzungumzia mtu aliyefika madhabahuni na sadaka mkononi, akakumbuka ndugu yake ana neno juu yake. Bwana hakumwambia atafakari. Alimwambia aiache sadaka pale pale, aende. Toba ya Biblia ina miguu. Ina mlango unaobisha. Ina aibu ya kusema "nimekosa" mbele ya mtu anayekutazama usoni. Sayari haiwezi kukudai hilo, ndiyo maana watu wanaipenda.

Lakini sijamaliza, na hapa naomba mnivumilie, maana sehemu iliyobaki inanihusu mimi.

Yule mama, kabla hajaenda kwa Zebaki, alikuja kwangu. Alinieleza yote. Nami nilikuwa katikati ya maandalizi ya mkutano wa injili: jukwaa, vipaza sauti, wageni. Nikamwambia, "Mama, tumalize mkutano, nitawaita wote wawili tuongee." Mkutano ukaisha. Nikasahau. Kwa hiyo nikisema nyota zilimchelewesha wiki tatu, lazima niseme pia kwamba pasta wake alimchelewesha mwezi mzima. Nimemwomba msamaha mama huyo nyumbani kwake. Leo nawaomba na ninyi.

Nimejiuliza kwa nini watoto wetu wanaenda kutafuta utulivu kwa sayari. Nadhani ni kwa sababu kwetu hawaupati. Tunaanza na sifa, tunaendelea na maombi ya kelele, mahubiri, sadaka, matangazo, baraka, kwaheri. Dakika ngapi mtu ameketi kimya mbele za Mungu akajiuliza, "Nimeishije wiki hii?" Paulo aliwaagiza Wakorintho (1 Wakorintho 11:28) kila mtu ajipime kabla ya kula mkate na kunywa kikombe. Nabii Hagai, katika sura ya 1, anawahimiza watu mara mbili wazitazame njia zao. Mwandishi wa Maombolezo 3:40 anataka tuzipime njia zetu na tumrudie Bwana. Hii ni mali yetu! Tuliiacha ikiota vumbi, wengine wakaokota kivuli chake, wakakipaka rangi, na sasa wanatuuzia.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi watumishi. Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 usiku, mwezi ulipatwa wote, ukawa mwekundu juu ya ziwa letu. Nilisimama uani na watoto tukautazama. Ulikuwa mzuri. Ni kivuli cha dunia kilichoufunika, na mwanga kidogo wa jua uliopenya pembeni kupitia hewa yetu ndio ulioupa wekundu. Lakini asubuhi simu zilijaa ujumbe, na mwingine ulitoka kwa wachungaji: mwezi wa damu, hukumu imefika, tuma sadaka. Ndugu zangu watumishi, huo ni unajimu uliovaa kola ya kichungaji. Wanaojua hesabu za anga walijua saa ya tukio lile miaka mingi kabla. Vivyo hivyo Novemba 3, 2013, ile Jumapili jua lilipofunikwa lote kwa muda mfupi kule Pakwach, Uganda: watu walisafiri mapema kwenda kuliona, kwa sababu saa yake ilijulikana. Kitu kilichoandikwa kwenye kalenda kabla wewe hujatenda dhambi hakiwezi kuwa kimekuja kwa ajili ya dhambi yako. Yeremia 10:2 inawakataza watu wa Mungu kutetemeka kwa sababu ya mambo ya angani. Katazo hilo linamhusu mwenye daftari, na linamhusu mwenye kipaza sauti.

Mtaniuliza, "Na Mamajusi je? Si waliifuata nyota?" Ndiyo. Na Mungu kwa rehema yake alikutana nao pale walipokuwa. Lakini soma vizuri Mathayo 2. Walifika Yerusalemu wakaanza kuuliza watu njia. Jina la Bethlehemu lilitoka kwenye maandiko ya nabii Mika. Na tena, waliondoka! Walisafiri, wakapiga magoti, wakafungua hazina zao. Nyota iliyokuacha umeketi kitandani si nyota ya Mamajusi.

Wala sisemi tusitazame juu. Ninyi wavuvi wa Marenga na Mulukoba mnajua mbingu kuliko mimi. Mnajua kwamba mwezi ukiwa mkubwa omena haiji kwenye taa, mnapumzika, mnashona nyavu. Giza likirudi, taa zinawashwa na ziwa linakuwa kama mji. Hiyo ndiyo kazi ya mianga katika Mwanzo 1:14, kutupa majira, siku na miaka. Mvuvi anauliza mwezi kama usiku wa leo utakuwa na giza. Sijamsikia mvuvi akiuliza mwezi kama yeye ni mume mwema. Hilo anajua wa kumuuliza: mkewe yuko jikoni.

Basi tufanye hivi. Kuanzia Jumamosi hii, saa 11 jioni, kanisa litakuwa wazi. Hakuna kipaza sauti, hakuna kinanda, hakuna sadaka. Njoo na daftari lako, dada, silichukii daftari. Tutaketi kimya nusu saa na maswali matatu. Bwana, nimekosa wapi wiki hii? Nimemkosea nani? Naenda kwake lini? Swali la tatu lisijibiwe "baadaye." Waefeso 4:26 imetupa mwisho wa siku kuwa mpaka wa hasira, na jua la Port Victoria huzama mapema kuliko unavyodhani.

Na kama wakati unasoma haya kuna jina limekuja moyoni mwako, funga simu uende. Usingoje Jumamosi. Usinisubiri mimi. Usisubiri sayari yoyote ikae sawa.

Tuombe: Bwana, tuchunguze Wewe unayetujua. Tuonyeshe kosa letu lenyewe, si lile tulilolichagua. Tupe miguu ya kwenda na kinywa cha kuomba msamaha. Mkumbuke binti yako aliye mbali Arabuni, umlinde, ulainishe moyo wake, apokee simu ya dada yake. Katika jina la Yesu, amina.

Pasta wenu, Port Victoria.