Shujaa Asiyelowa Maji

Mwezi huu tuzungumze juu ya hadithi za safari na hatari, zile tunazowasimulia au kuwasomea watoto jioni. Swali ni hili: lazima ziingie akilini, ama tuseme "ah, ni za watoto tu" na kuziacha ziende vile zinavyotaka?

Wengi wanasema watoto hawajali. Si kweli. Mwambie mtoto aliyekulia Katwe au Kyavinyonge kwamba shujaa alilala usiku kucha kando ya ziwa asione hata kiboko mmoja. Atacheka! Anajua kiboko hutoka majini usiku kula majani. Lakini mtoto huyo huyo, ukimwambia sungura alimdanganya fisi, hasemi eti sungura haongei. Hayo ni makubaliano ya tangu mwanzo. Asichokubali ni sungura kukamatwa, halafu ghafla aote mabawa. Hapo anaona ameibiwa.

Hata wakubwa wamekamatwa. Rider Haggard, Mwingereza aliyeandika kitabu tunachokijua kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, mwaka 1885 aliweka ndani yake kupatwa kwa jua wakati mwezi ni mpevu. Haiwezekani, kwani jua hupatwa siku ambazo mwezi hauonekani, umepita kati yetu na jua. Matoleo ya baadaye akabadilisha, ukapatwa mwezi. Robert Louis Stevenson naye, kabla ya kuandika Kisiwa chenye Hazina, alichora kwanza ramani ya kisiwa, hadithi ikafuata ramani.

Sasa kuna wazazi wenye hoja nzito. Wanasema: watoto wetu wameona ya kweli ya kutosha. Walivuka Mpondwe wamebebwa mgongoni. Wengine wanazijua habari za usiku wa 16 Juni 2023, wanafunzi wa sekondari ya Lhubiriha waliposhambuliwa. Basi waacheni wapumzike na ndege anayebeba watu. Hapo nakubali kabisa. Ndege abebe, simba aongee, mlima Rwenzori ufungue mlango. Maajabu ni dawa.

Lakini angalieni jambo moja. Shujaa akivuka mto uliofurika kwa kuruka tu, au risasi zikimkosa kwa sababu yeye ni jasiri, mtoto anaanza kujiuliza: kumbe kaka yangu hakuwa jasiri? Hatasema kwa mdomo, litabaki moyoni. Mawe ambayo mto Nyamwamba uliyaporomosha hapa Kasese tarehe 1 Mei 2013 hayakuchagua jasiri na mwoga. Hadithi inayosema kila mwenye moyo hupona, inawalaumu wasiopona. Tena mto Lhubiriha uko pale pale Bwera, na mtoto hujaribu alichosikia.

Kwa hiyo, baba na mama, tufanye hivi:

Kwanza, shujaa apone kwa sababu inayoeleweka. Alisubiri maji yapungue, jirani alimsaidia, alikumbuka njia aliyoonyeshwa na bibi. Bahati inaweza kuingia mara moja, isiwe kila mara.

Pili, sheria ya ajabu isemwe mapema, na isivunjwe. Kama ndege hubeba mtu mmoja tu, abebe mmoja mpaka mwisho. Hapo ndipo utamu unapotoka: nani atapanda, na yule atakayebaki atafanya nini?

Tatu, safari iwe na njaa, viatu kukatika na mtu kuchoka. Watoto wetu wanaijua safari. Wakijiona ndani ya hadithi, wanajua kwamba hata aliyelia njiani anaweza kuwa shujaa.

Nne, mtoto akiuliza "ilikuwaje sasa?", msimnyamazishe. Mrudishieni swali: wewe ungefanyaje? Huko ni kujifunza kupima maneno. Kesho atakuja mtu na gari, aahidi kazi nzuri Kampala, chakula bure na shule juu yake. Mtoto aliyezoea kuuliza hadithi atamwuliza na huyo: nani anakujua hapa? Mbona hutaki mama asikie?

Basi jioni hii zimeni redio kidogo, muanze: hapo zamani za kale. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.