Mashine isiachiwe kuamua peke yake tukiwa angani

Katika muda usiofika miaka 20, Wakenya wameomboleza mara tatu kwa sababu rubani na mashine yake hawakuelewana. Abidjan mwaka 2000, Douala mwaka 2007, kisha karibu na Bishoftu, Ethiopia, mwaka 2019. Watu huzitaja ajali hizo kama mikasa mitatu mbalimbali, kila mmoja na kilio chake. Mimi naona ni somo moja tulilofundishwa mara tatu, na sina hakika kwamba tumelishika.

Wapo watakaouliza mkulima wa Kulesa ana lipi la kusema juu ya ndege kubwa, ilhali huku kwetu, delta ya Mto Tana, tunaziona zikipita tu. Ninalo la kusema. Nyumba nyingi za huku Tana, Wema, Ngao hadi Garsen mjini, zina binti au mpwa aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Binti yangu yuko Riyadh. Hushika gari Garsen, akafika Nairobi amechoka, akapanda ndege asiyoichagua. Nilipomuuliza safari iliyopita atapanda ndege gani, alinijibu, "Mama, mimi napewa tiketi tu. Ajenti ndiye anayekata." Msafiri wa namna hiyo hana la kufanya ila kuamini kwamba kuna mtu mahali fulani amekagua kila kitu kwa niaba yake.

Tarehe 10 Machi 2019 walioamini hivyo walikuwa 157. Saa mbili na dakika 38 asubuhi, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX 8 iliruka kutoka Addis Ababa kuja Nairobi. Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Nahodha alikuwa Yared Getachew, kijana wa miaka 29 ambaye mama yake ni Mkenya. Baada ya dakika sita hivi hakuna aliyekuwa hai.

Ubavuni mwa pua ya ndege hiyo kulikuwa na vihisi viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia. Ni vijibawa vidogo vinavyoenea kiganjani, na kazi yake ni kupima pua imeinuka kiasi gani dhidi ya upepo, kwa sababu ikiinuka kupita kiasi mabawa hayabebi tena na ndege huanguka. Mara tu baada ya kuruka, cha kushoto kilisema nyuzi karibu 75. Cha kulia kilisema nyuzi kama 15. Mtoto wa shule ya msingi angejua mojawapo kinadanganya. Lakini programu iitwayo MCAS haikuundwa ilinganishe. Iliundwa isikilize kihisi kimoja tu, na siku hiyo ilikisikiliza cha kushoto. Ikageuza kibawa cha mkia, ikaisukuma pua chini. Marubani wakaivuta juu, nayo ikaisukuma tena. Wakakata umeme wa kibawa hicho, kama walivyoagizwa marubani wote wa MAX baada ya ndege ya Lion Air ya aina hiyo hiyo kuanguka Indonesia Oktoba 2018 na kuua watu 189. Kukata umeme kukawaachia gurudumu la kuzungusha kwa mkono, na kwa kasi ile gurudumu halikuzungushika. Wakarudisha umeme. MCAS ikasukuma mara ya mwisho.

Kwa nini programu hiyo iliwekwa? Boeing walitaka kufunga injini kubwa zaidi kwenye umbo la ndege la miaka ya 1960. Injini hizo zilibidi zikae mbele na juu zaidi ya zile za zamani, na hivyo pua ikawa na tabia ya kuinuka upesi katika hali fulani. MCAS ilitiwa ili rubani aone ndege mpya inaruka sawasawa na ile aliyoizoea, asihitaji mafunzo ya ziada. Mafunzo ni pesa. Boeing walikuwa wameliahidi shirika la Southwest la Marekani kulipunguzia dola milioni 1 kwa kila ndege iwapo marubani wake wangelazimika kuingia kwenye mashine ya mazoezi. Baadaye, katika majaribio, nguvu ya MCAS iliongezwa: kila isukumapo, kibawa cha mkia kiliweza kusogea nyuzi 2.5 badala ya 0.6. Katika kitabu cha marubani haikuelezwa. Na taa ya kuonya kwamba vihisi viwili vinapingana haikuwaka ila kwa mashirika yaliyonunua kifaa fulani cha nyongeza.

Hapo ndipo ninapokasirika, na sitaki kuificha hasira yangu. Katika kamati yetu ya mafuriko tuna kipimo cha maji ukingoni mwa Tana, nguzo yenye namba zilizopakwa rangi. Maji yakionekana yamepanda ghafla hatuamuru watu wahame kwa neno la nguzo hiyo peke yake, maana huenda gogo limeigonga ikainama usiku. Tunapiga simu Hola, tunapiga Garissa, tunamuuliza mvuvi aliyepita asubuhi. Hakuna hata mmoja wetu aliyesomea uhandisi. Waliosomea ndio waliotengeneza ndege ya mamilioni ya dola inayozamisha pua kwa ushahidi wa kihisi kimoja, huku kihisi cha pili kipo palepale na hakiulizwi.

Wapo wanaowalaumu marubani. Wachunguzi wa Marekani na wa Ufaransa waliandika kwamba jinsi walivyoiendesha ndege baada ya hitilafu nako kulichangia. Injini ziliachwa kwenye nguvu ya kurukia, na kasi ikazidi. Sikatai. Ila binadamu ni kiumbe wa kukosea, na anayeunda ndege analijua hilo kabla hajachora mstari wa kwanza. Sisi Wakenya tulikuwa tumekwisha kulijua kwa uchungu. Usiku wa tarehe 30 Januari 2000, Airbus A310 ya Kenya Airways iliruka kutoka Abidjan, na papo hapo king'ora kikalia kwamba mabawa hayabebi tena. Kilikuwa king'ora cha uongo. Ndege ilikuwa inaruka vizuri. Rubani aliyeshika usukani akakiamini, akaishusha pua, na mbele yake kulikuwa na bahari na giza. Kati ya watu 179 walipona 10. Yaani kosa lililofanywa na mkono wa mtu mwaka 2000 kwa kuamini ishara ya uongo, baadaye lilikabidhiwa kompyuta ilifanye yenyewe, bila kuchoka na bila kuona haya.

Douala ilikuwa kinyume chake. Usiku wa manane, tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways ilipaa katika hali ya dhoruba. Nahodha alitamka kwamba mfumo wa kujiendesha umeshika. Ulikuwa haujashika, na msaidizi wake hakuthibitisha. Kwa karibu dakika nzima hakuna aliyegusa usukani, na ndege ikawa inalala upande wa kulia polepole, gizani, bila upeo wa macho wa kuwaonyesha. King'ora kilipolia, nahodha alichanganyikiwa asijue juu ni wapi. Watu 114 walifia kwenye matope ya mikoko. Sisi wa delta tunaijua mikoko, na tulipoziona picha zile tulielewa kwa nini waokoaji walichukua zaidi ya siku nzima kuwafikia.

Siipingi kompyuta. Vifaa vinavyomwambia rubani kwamba mlima uko mbele vimeokoa watu wengi mno, na ndege za leo ni salama kuliko za baba zetu. Ninachotaka ni kwamba mashine isishike usukani kabla haijalinganisha ushahidi, rubani aambiwe kila kitu inachoweza kufanya, na mkono wake uwe na nguvu kuliko programu. Yote haya yaliwezekana. MAX iliporuhusiwa tena na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA) mnamo Novemba 2020, MCAS ilikuwa sasa inalinganisha vihisi vyote viwili, inasukuma mara moja tu kwa kila tukio, na rubani anaweza kuishinda kwa kuvuta usukani. Mafunzo kwenye mashine ya mazoezi yakawa lazima. Watu 346 walikuwa wameshakufa katika ajali mbili za MAX. Ethiopian Airlines ilianza kuirusha tena Februari 2022, na wasafiri wetu wanaipanda.

Ombi langu ni kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Kwa miaka mingi nchi nyingi duniani ziliipokea ndege mpya kwa muhuri wa FAA, na FAA nayo ilikuwa imewaachia wahandisi wa Boeing wenyewe sehemu kubwa ya ukaguzi. Machi 2019 China iliisimamisha MAX siku moja baada ya ajali, Marekani siku ya tatu. Nasi tuwe na wahandisi wetu wanaosoma nyaraka za ndege mpya mstari kwa mstari na wenye mamlaka ya kusema hapana, hata kama mwenye ndege ni rafiki wa serikali. Matokeo yachapishwe, na yachapishwe kwa Kiswahili. Marubani wetu wapewe saa za kutosha za kurusha ndege kwa mkono usiku, mfumo ukiwa umezimwa, kwa sababu Douala ilituonyesha pengo liko wapi. Na Wizara ya Leba, ambayo huidhinisha mikataba ya wafanyakazi waendao Ghuba, iwalazimishe maajenti kumwonyesha msafiri shirika na aina ya ndege kabla hajatia sahihi. Mkataba wa binti yangu nimeusoma wote. Makato ya mshahara yameelezwa kirefu, na kuhusu safari yenyewe umeandika neno moja tu: tiketi.