Jihadhari na vumbi unapobandua kuta za bafu

Mtu anapoamua kukarabati bafu lake, mambo yanayomshughulisha huwa ni bei ya vigae, aina ya sinki na siku ambazo familia itaoga kwa jirani. Ni nadra kumsikia mwenye nyumba akiuliza ukuta unaobanduliwa una nini ndani yake. Hata mimi sikuwahi kuuliza hadi mwezi uliopita.

Nyumba yangu iko Buru Buru, Nairobi, mtaa uliojengwa miaka ya 70. Kama ilivyokuwa desturi, kuta za bafu zilipakwa rangi ya mafuta kutoka sakafuni hadi usawa wa bega ili maji yasipenye. Kila baada ya miaka michache tulipaka nyingine juu yake. Kufikia mwaka huu rangi ilikuwa imefura na kupasuka, plasta iliyo nyuma ya shawa ilipukutika ukiigusa tu, na ukungu mweusi ulikuwa umetanda kwenye pembe zote.

Fundi alifika asubuhi akiwa na tindo, nyundo na karai. Kufikia saa nne sebule nzima ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Mjukuu wangu wa miaka miwili alikuwa akichora kwa kidole juu ya meza, kisha anatia kidole hicho mdomoni. Hapo ndipo nilipomwomba fundi asimamishe kazi.

Rangi za mafuta za zamani, hasa zile za manjano, nyekundu na kijani, nyingi zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na zing'are. Siku hizi kiwango kinachoruhusiwa humu nchini ni sehemu 90 tu kwa kila milioni. Lakini kiwango hicho hakiwezi kuifikia rangi iliyopakwa ukutani miaka 40 iliyopita. Ikiwa nzima na imefunikwa na nyingine, haimdhuru mtu. Ikikwaruzwa kavu kwa tindo au msasa, hugeuka vumbi.

Wakenya wengi walianza kuyasikia madhara ya risasi kwa sababu ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi walidhurika kutokana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni. Kilichosahauliwa ni kwamba sumu hiyo hiyo inaweza kuwamo ndani ya nyumba ya mtu, bila kiwanda chochote karibu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Hudhuru ubongo unaokua, na mtoto huanza kuwa mzito wa kujifunza au mwepesi wa hasira bila wazazi kujua sababu. Tumbo likimuuma na damu ikipungua, tunampa dawa ya minyoo. Mama mjamzito naye yafaa aondoke, kwani risasi iliyojificha katika mifupa yake tangu utotoni humfikia mtoto tumboni, na hiyo ya ukutani ikiongezeka mambo huwa mabaya zaidi.

Hayo ni ya rangi. Plasta yenyewe ni mchanga na simiti, na mchanga una silika. Ukiupiga ukuta mkavu, chembe za silika zinazoruka ni ndogo kiasi kwamba jicho halizioni, na zikiingia mapafuni hazitoki. Mapafu hufanya makovu. Mtu mwenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mwenzake, na silika pia husababisha saratani ya mapafu. Mwenye nyumba hubandua bafu moja katika maisha yake. Fundi hubandua moja kila wiki.

Nilipomtajia fundi wangu jambo hili alicheka. "Mzee, vumbi hili tumelizoea," akasema. "Jioni nakunywa maziwa, linashuka lote."

Imani hii ya maziwa imeenea sana katika sehemu za ujenzi, na baadhi ya wanakandarasi hata huwanunulia vibarua pakiti moja moja wakidhani wamewatendea wema. Maziwa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni. Vumbi liko kwenye mapafu, na kati ya mahali hapo pawili hakuna njia. Pesa hizo za maziwa zingenunua barakoa ya kuzuia vumbi, ile ya aina ya N95 inayobana usoni. Zile za kitambaa tulizobaki nazo tangu wakati wa Korona haziwezi kuzuia vumbi la aina hii.

Kwa maoni yangu, lawama hapa si ya fundi. Ni yetu sisi tunaomwita. Tunapatana naye bei ya kazi nzima, tunamkata hadi abaki na kidogo, kisha tunamtaka amalize kesho. Mtu anayelipwa hivyo hawezi kupoteza muda akinyunyizia ukuta maji. Nami nilikuwa nimefanya hivyo hivyo. Tulikaa tukapatana upya, nikamwongezea malipo ya siku mbili na kununua barakoa nne, mbili zake na mbili za msaidizi wake. Mjukuu alipelekwa kwa shangazi yake Kitengela.

Kazi ilipoanza tena ilikuwa tofauti kabisa. Ukuta ulinyunyiziwa maji kwanza, ukaachwa unywe, ndipo ukapigwa. Mlango wa bafu ulifungwa kwa karatasi ya nailoni na dirisha likaachwa wazi. Kila jioni sakafu ilipanguswa kwa kitambaa chenye maji, kwani kufagia kukavu hurudisha vumbi hewani. Fundi alivua nguo za kazi kabla ya kwenda nyumbani kwake, maana naye ana watoto. Swichi kuu ya umeme ilizimwa kabla ya maji kumwagwa na tindo kuguswa. Waya wa shawa ya umeme mara nyingi umefichwa ndani ya plasta, na hakuna anayekumbuka ulipitishwa wapi.

Si lazima kila ukuta ubanduliwe. Ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama debe tupu, plasta imeachana na jiwe na sharti itoke. Ukilia mzito na rangi haijabanduka, kuna sababu gani ya kuamsha vumbi lililolala? Kwetu, kuta mbili kati ya nne ziliachwa kama zilivyo.

Halafu kuna ukungu. Wengi hupiga plasta mpya juu ya ukuta wenye unyevu, wakapaka rangi, na baada ya msimu mmoja wa mvua ukungu umerudi na mtoto mwenye pumu anakohoa usiku kucha. Unyevu una chanzo. Kwetu lilikuwa ni bomba lililokuwa likivuja ndani ya ukuta, pengine kwa miaka. Kama lisingezibwa, simiti yote ingekuwa ni hasara.

Kwa wasomaji walio Mji wa Kale wa Mombasa au Lamu, shauri ni jingine kidogo. Kuta za matumbawe na chokaa hupumua. Ukizipiga plasta ya simiti unazifungia maji ndani, nazo hubomoka polepole huku ukungu ukitoka upande wa chumbani. Afadhali kurudishia chokaa.

Tahadhari moja zaidi ni kuhusu simiti mbichi. Huunguza ngozi taratibu, bila kuuma mwanzoni, na mafundi wengi wana mikono iliyopasuka wakidhani ni baridi. Glavu za mpira na maji safi ya kunawa hutosha. Na ikiwa bafu lako lina paa la asbesto, usimruhusu mtu yeyote kulivunja. Kazi hiyo ni ya watu wenye leseni ya NEMA.

Vifusi tulivitia magunia vikiwa bado na maji. Jirani mmoja aliviomba ajazie shimo uani kwake, ambako watoto wake huchezea mchanga. Nilimkatalia, naye hakufurahi.

Fundi wangu, baada ya siku tatu za kuvaa barakoa, alikiri kwamba amekuwa akikohoa tangu mwaka jana. Nilimweleza kwamba kupimwa kifua kikuu katika hospitali za serikali ni bure. Alienda Jumatatu, na kazi ya bafu imesimama hadi majibu yatoke.