SIKU 14 HAZITOSHI!

Ndugu wanachama wa Kitale na Bungoma,

Mzee mmoja, mlinzi wa usiku katika ghala la mahindi upande wa Kitale, alipasuliwa tezi dume. Siku ya 15 alirudi kazini. Kila akikohoa, au akisukuma geti, mkojo ulimtoka matone. Msimamizi akasikia harufu, akamwita mlevi mbele ya vijana, akamwambia asirudi tena. Mzee huyu hanywi pombe! Na hapo getini hakuna choo. Kilichopo kiko nyuma ya ghala, na ufunguo wake hukaa mfukoni mwa karani, ambaye huenda zake saa kumi na moja jioni.

Twauliza, kosa ni la nani?

Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 champa mgonjwa, kwa mwaka, siku zisizopungua 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara. Waajiri wengi wameishika hiyo 14 kama kwamba ndiyo mwisho wa ugonjwa. Lakini sheria yasema “zisizopungua”, na mwili haujui hesabu ya karani. Tezi hii iko chini ya kibofu, imezunguka njia ya mkojo. Ikipasuliwa, misuli inayofunga njia ile hulegea. Mpira wa mkojo ukishatolewa, wengi huvuja. Kwa kawaida hupungua majuma yakipita, lakini wengine huchukua miezi, hata karibu mwaka. Huo si ulevi, wala si uchafu, wala si uvivu.

Basi katika mapatano yajayo tudai hivi: choo kisichofungwa, karibu na kila geti na kila mashine, kazi nyepesi isiyo ya kubeba magunia, mpaka daktari aseme mtu amepona, na ruhusa ya kurudi kliniki bila kukatwa mshahara. Choo si zawadi ya tajiri. Sheria ya usalama na afya kazini, nayo ya 2007, yamlazimu kuweka vyoo vya kutosha. Na nyinyi madereva na makanga wa njia ya Webuye, mzee akiomba kushuka kidogo, simamisheni gari. Dakika mbili hazitawafilisi.

Tusiwalaumu waajiri peke yao. Ni nani waliocheka siku ile getini? Ni wanachama wetu! Tangu 2017 sheria yawapa wasichana wa shule pedi bila malipo, na hakuna anayeona ajabu. Lakini mwanamume wa Bungoma, aliyesimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho, aogopa kununua pedi dukani, afadhali ajifunge matambara na kukaa mbali na wenzake. Pedi inunuliwe, ibadilishwe mara kwa mara, ngozi ioshwe na kukaushwa.

Wengine huacha kunywa maji. Wanakosea, maana mkojo mzito hukiwasha kibofu zaidi. Punguza chai, kahawa na pombe, si maji. Mpira ukishatolewa, na daktari akikubali, kaza misuli ile unayokaza kuzuia upepo usitoke. Hesabu mpaka tano, legeza, rudia mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Waweza kufanya hivyo umekaa getini na hakuna atakayejua. Usikate tamaa juma la kwanza. Ila ukipata homa, au mabonge ya damu, au mkojo ukakataa kabisa kutoka, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje zamu iishe.

Mzee wetu alifukuzwa hapo hapo getini, bila kikao. Kifungu cha 41 chasema mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya udhaifu wa mwili, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanyakazi mwenziwe au mjumbe wa chama atakayemchagua mwenyewe, na amsikilize. Kwa hivyo ukiitwa ofisini, usiende peke yako. Mwite mjumbe wako, chukua barua ya daktari, na usitie sahihi karatasi yo yote kabla hajafika.